Sura ya Tisa: Nani Alimnyoa Sekela

Kichwa kilikuwa cha plastiki, na hata hicho kilionekana kimechoka.

Kililazwa juu ya meza ya upasuaji katika Hospitali ya Tumbawe, Mikocheni, kikiwa kimevalishwa kofia ya mpira iliyobana kuanzia kwenye paji la uso hadi kisogoni. Hospitali ilikitumia kufundishia. Inspekta Anastasia alikitazama, nacho kikamtazama, na hakuna aliyekuwa na jipya la kumwambia mwenzake. Viatu vilikuwa vinambana tangu asubuhi. Kiyoyozi kilimpuliza shingoni, na alijua kesho ataamka na mafua, maana mwili wa miaka hamsini haukosi sababu.

Miezi miwili iliyopita, juu ya meza hiyo hiyo, alilala binti mmoja wa Chanika aitwaye Sekela, mwanafunzi wa ualimu. Alikuwa na uvimbe ndani kabisa ya kichwa. Daktari alitakiwa kupenyeza sindano ndefu, nyembamba, achukue kipande kidogo cha uvimbe huo kikapimwe. Sindano ilikwenda pembeni kwa upana wa kidole, ikagusa mshipa, damu ikavujia ndani. Sekela hakufa. Ila mkono na mguu wa kulia havimsikii tena, na maneno yanamtoka moja moja, kwa kusukumwa.

Hospitali ikaunda kamati. Kamati ikakaa, ikanywa chai, ikaandika kwamba kosa lilikuwa la mtu mmoja: Brightson, fundi wa mashine inayomwelekeza daktari. Mama wa binti akaipeleka ripoti polisi. Brightson akakamatwa jana, na kesho asubuhi alitakiwa kusimama mahakamani kwa uzembe uliosababisha ulemavu. Mkuu wa upelelezi alikuwa amemwambia Anastasia jalada lifungwe leo, jambo lenyewe si liko wazi? Anastasia alikuwa ameisoma ile ripoti mara mbili. Waliotia sahihi wote walikuwa madaktari, na fundi mwenyewe hakuhojiwa hata na mmoja wao. Funika kombe mwanaharamu apite, alijisemea, akaagiza mtuhumiwa atolewe mahabusu na kuletwa hapa.

Sasa Brightson alikuwa amesimama kando ya mashine yake, pingu zimefunguliwa, shati la jana mwilini limekunjamana. Kijana wa miaka thelathini hivi, mrefu, asiyejua aiweke wapi mikono yake.

"Nieleze tena," Anastasia alimwambia. "Taratibu. Mie sijui kitu."

Akaeleza. Kwanza mgonjwa hubandikwa vibandiko sita kichwani, vidogo kama vifungo vya shati. Kisha hupigwa picha za kichwa kwenye ile mashine kubwa ya duara, na vibandiko hutokea pichani. Anarudi nyumbani navyo, na anakatazwa kuvigusa. Siku ya upasuaji, chini ya mto wake huwekwa sahani bapa inayotoa nguvu ya sumaku. Fundi hushika kijiti chenye waya, anagusa kibandiko kimoja baada ya kingine, na sumaku huiambia mashine ncha ya kijiti iko wapi. Mashine hulinganisha vibandiko vya kichwani na vya pichani. Vikilingana, taa inakuwa ya kijani. Kuanzia hapo, daktari akiielekeza sindano, anaiona ikitembea ndani ya picha kwenye skrini, kana kwamba fuvu ni la kioo.

"Siku ile taa ilikuwa rangi gani?"

"Kijani, afande. Naapa."

"Usiape. Endelea kujibu tu."

Koplo Mashaka alikuwa akisubiri zamu yake kwa hamu. Alikuwa na nadharia, na tangu asubuhi alikuwa anaitembeza kama mtu aliyenunua simu mpya. Muuguzi mmoja alimwambia kwamba siku ile kulikuwa na kiti cha chuma karibu na meza. Chuma na sumaku, nani hajui? Kiti kiliivuta sumaku, mashine ikachanganyikiwa, na aliyekiacha kiti hapo ni Brightson. Kesi imekwisha, twende tukale.

Anastasia akamwambia akilete hicho kiti. Mashaka akakileta, akakisogeza hadi kwenye meza. Mashine ikapiga kelele ya kukera, skrini nzima ikawa nyekundu. Akakirudisha nyuma, ikanyamaza. Akakisogeza tena, ikalia tena.

Daktari aliyefanya upasuaji, Dokta Leodegar, alikuwa ameegemea ukuta, mikono kifuani, miwani imepandishwa juu ya nywele. Anastasia akamuuliza kama mashine ililia siku ile. Daktari akajibu kwamba ingelia asingeendelea, yeye si mwendawazimu. Mashaka akakirudisha kiti kilikotoka, na furaha yake ikaondoka nacho.

"Kwa hiyo si chuma," Anastasia alisema. "Tuendelee."

Akabandua kibandiko kimoja kati ya sita vilivyobandikwa kwenye kofia ya kile kichwa cha plastiki, ambacho picha zake zilikuwa tayari ndani ya mashine, akakihamisha kidogo, akamwambia Brightson aguse vyote upya. Nyekundu. Akakirudisha, akahamisha kingine. Nyekundu tena. Brightson akaeleza kwamba mashine inajua umbali kati ya kila kibandiko na mwenzake. Kimoja kikisogea peke yake, umbali unakosana na picha, na mashine inakataa.

Anastasia alivuta stuli ya plastiki, akakaa, akavua kiatu kimoja bila aibu. La kuvunda halina ubani. Kama si chuma, na vibandiko vilikubaliwa, basi amebaki Brightson na mikono yake, na kesho ni mahakamani. Mashaka naye, kwa kukosa la kufanya, aliegemea meza na kuweka kiganja juu ya kichwa cha plastiki. Kofia ya mpira ikateleza chini ya mkono wake, ikazunguka kidogo na vibandiko vyake vyote.

"Samahani, afande."

"Usiiguse," Anastasia alisema. "Iache hivyo hivyo. Brightson, gusa vyote."

Brightson akagusa. Kimoja, cha pili, hadi cha mwisho. Taa ikawa ya kijani.

"Sasa gusa pua."

Pua ilikuwa ya plastiki, haikufunikwa na kofia. Brightson akaweka ncha ya kijiti juu yake. Kwenye skrini, ncha ile ile ilionekana imetua shavuni.

Anastasia akavaa kiatu, akasimama, akaisogelea skrini hadi pumzi yake ikaacha ukungu kwenye kioo.

"Mashine imedanganya?"

"Hapana, afande. Vibandiko ndivyo vimedanganya. Vimehama vyote kwa pamoja, umbali haukubadilika. Mashine haioni kichwa. Inaona vibandiko tu."

Dokta Leodegar akakohoa. Akasema ngozi ya binadamu si kofia ya mpira, haizunguki namna ile, na jaribio la aina hii halina maana ya kitabibu. Anastasia akamwachia amalize. Alikuwa akiwaza jambo jingine. Mzembe akihamisha vibandiko, anavipanga ovyo, na mashine inamkataa. Aliyevihamisha hivi alikuwa mwangalifu sana. Alipima. Na uzembe ndilo kosa aliloshitakiwa nalo Brightson.

"Hii ya kugusa pua," aliuliza, "huwa mnaifanya?"

Brightson alimtazama daktari, kisha akatazama sakafu.

"Tunatakiwa," alisema. "Baada ya kijani tunagusa pua, au kona ya jicho, kuhakikisha. Siku ile nilisema tuguse. Nikaambiwa kijani kinatosha, kuna mgonjwa mwingine anasubiri."

"Uliambiwa na nani?"

Dokta Leodegar alishusha miwani usoni, akasema hakumbuki mazungumzo hayo, na siku za upasuaji husemwa mengi. Anastasia akamjibu kwa upole kwamba kumbukumbu za madaktari mara nyingi hurudi zikipewa muda, na kwamba yeye anao muda. Haikuwa kweli. Alikuwa na jioni moja tu.

Akamrudia Brightson. Alitaka kujua siku ya picha alivibandika vipi vile vibandiko kichwani mwa Sekela. Brightson akasema binti alikuja na nywele nyingi, za kuchana. Alimnyoa sehemu sita ndogo tu, kila moja upana wa sarafu, akabandika na kuzungushia wino. Nywele nyingine aliziacha.

"Na siku ya upasuaji alikujaje?"

"Kipara. Kichwa chote kinang'aa."

"Nani alimnyoa?"

Brightson alidhani ni wauguzi wa wodini, ndiyo kawaida yao, wananyoa kwa kuzunguka vibandiko. Anastasia akamgeukia daktari, naye akasema bila shaka wodini. Muuguzi wa wodini, Anna, akaitwa, akaja anafuta mikono. Akasema wao hawakumnyoa, mgonjwa alifika kashanyolewa, na wao walijua ni Brightson aliyemnyoa siku ya picha. Akaongeza kwamba alifurahi kabisa, kazi ilipungua.

"Na ile duara ya wino, mliiona?"

Hakuna aliyeiona. Brightson akasema polepole kwamba alipoona wino haupo alidhani umetoka kwa kuoga. Alipolisema hilo, na yeye akafika pale Anastasia alipofika: vibandiko vilikuwa vimebanduliwa na kurudishwa.

Hospitali nzima, na shahada zake zote ukutani, hakuna aliyeuliza kinyozi ni nani. Anastasia alichoka upya. Akamwambia Mashaka amfunge kijana pingu kwa mbele, siyo kwa nyuma, ampitishe kituoni, kisha alete gari. Wanakwenda Chanika.

Kutoka Mikocheni hadi Chanika kwa gari la kituo ni adhabu ambayo haimo katika sheria yoyote. Kioo cha upande wa Anastasia hakipandi. Foleni ya Tazara iliwashika, ya Gongo la Mboto ikawashika, na baada ya Pugu vumbi likaingia ndani bila hodi. Mashaka aliuliza kama kweli mama mzazi anaweza kuwa na mkono katika jambo hili. Anastasia akamwambia anyamaze aendeshe. Jibu alikuwa nalo tayari, na hakulipenda hata kidogo.

Nyumba ilikuwa ya tofali zisizopigwa lipu, nondo zikiwa bado zimechomoza juu zikisubiri ghorofa ambayo haitakuja. Chumba cha mbele kilikuwa cha kazi: cherehani karibu na dirisha, sare za shule zimetundikwa kwa mpangilio wa urefu, sakafu imefagiliwa hata kipande cha uzi hakuna. Mwenye nyumba, Bupe, mwanamke mwembamba mwenye tepu ya kupimia shingoni, aliwapokea kwa heshima, akawapa viti, akaomba radhi kwa joto. Sekela alikuwa ameketi kwenye mkeka, mgongo ukutani, mkono wa kulia umelazwa pajani kama kitu cha kuazima. Kichwa kilikuwa kipara bado. Mama yake alikuwa akimnyoa kila wiki ili kovu lipate hewa.

"Shi… ka… moo," Sekela alisema.

"Marahaba, mwanangu."

Anastasia alisubiri hadi lile neno litoke lote.

Bupe alikuwa amesikia Brightson amekamatwa. Alisema Mungu ni mwema, na kwamba alikuwa akifunga na kuomba ili mtu yule aijue jela, alale chini, aamke asiweze kuinua mkono wake mwenyewe. Aliyasema bila kupandisha sauti huku akimwaga chai. Kisha akauliza kesho aende mahakamani saa ngapi.

"Tutafika huko, Mama Sekela," Anastasia alisema. "Kwanza nisaidie kitu kidogo. Kabla ya upasuaji, nani alimnyoa Sekela?"

"Mie."

Alijibu mara moja, bila hofu. Akaeleza. Hospitali walisema watamnyoa wao. Lakini bibi yake kule Tukuyu alimlea kwa maneno kwamba kichwa cha mtoto hakinyolewi na mkono usioujua, na nywele hazitupwi mahali pa kukanyagwa na kila mtu. Nani anajua nywele za watu hospitalini zinaishia wapi? Basi akamnyoa mwenyewe, hapo uani, akazikusanya zote kwenye kopo la maziwa na kuzifukia nyuma ya nyumba, chini ya migomba.

"Na vile vibandiko?"

Bupe akatabasamu. Lilikuwa tabasamu la kwanza tangu wafike, na Anastasia alitamani asingeliona.

"Afande, mie ni fundi, miaka ishirini. Vilinizuia wembe, nikaona nikinyoa kwa kuviruka nitamkata. Nikasema nivibandue, ila sikubandua hivi hivi."

Akanyanyuka, akafungua droo ya cherehani, akatoa kitambaa cheupe cha bitana, chepesi, unaona upande wa pili. Alikihifadhi, alisema, kwa sababu alijua ipo siku atahitaji kuthibitisha kwamba kwa upande wake hakukosea. Alikuwa amekifunika kichwani mwa Sekela, akaona vibandiko kwa chini, akavitia alama za chaki, akakata tundu sita. Akanyoa, akaosha, akakausha. Akakirudisha kitambaa na kubandika kila kibandiko kwenye tundu lake kwa gundi nzuri ya dukani. Hata hospitali waliisifu kazi ile bila kujua ni yake, muuguzi alisema mtoto kaandaliwa vizuri.

"Uliwaambia kwamba uliviondoa?"

"Hakuna aliyeniuliza."

Mashaka aliangalia pembeni. Anastasia alimhurumia yule mama, na huruma hiyo ilimchosha kuliko barabara yote ya kuja. Angeweza kusema moja kwa moja. Lakini maneno ya polisi hayaaminiki, na mama huyu aliamini vipimo.

Akaomba Bupe akifunike tena kile kitambaa kichwani mwa Sekela, vile vile alivyofanya siku ile, na atie alama kwenye tundu kwa chaki ya bluu. Bupe akafanya, kwa umakini, mkono mwepesi. Anastasia akaomba akiondoe, akifunike upya, na sasa atie alama kwa chaki nyeupe.

"Tena? Zitaangukia pale pale."

"Naamini. Fanya tu."

Bupe akafanya. Akakiinua kitambaa.

Kila alama nyeupe ilikaa kando ya alama ya bluu, zote sita upande mmoja, kwa upana wa kidole. Zilipangika vizuri sana. Umbali kati yake haukupungua wala kuzidi.

Bupe alizitazama. Akakiweka kitambaa kichwani mara ya tatu, safari hii bila chaki, akakivuta kidogo kwa ncha za vidole. Kikacheza. Akakikunja kwenye kiganja, akakaa chini taratibu kwenye kiti chake cha cherehani.

"Nilipima na nywele," alisema. "Nikabandika bila nywele."

Akaishika tepu iliyokuwa shingoni mwake.

"Ni kumpima mtu akiwa kavaa sweta. Nguo lazima impwaye. Wanafunzi wangu nawafundishaga hivyo siku ya kwanza. Siku ya kwanza, afande."

Hakulia. Alikaa akikikunja kitambaa na kukikunjua. Anastasia alitoa simu apige picha, kwa sababu hicho ndicho kilichomleta, na kwa sababu Brightson alikuwa analala sakafuni usiku wa pili. Alipoinua macho, mkono wa kushoto wa Sekela ulikuwa umeshafika kichwani. Binti alikuwa anajifuta. Alifuta bluu, akafuta nyeupe, kwa kiganja kizima, haraka kuliko alivyoweza kufanya kitu kingine chochote, hadi kichwa chote kikawa na vumbi la chaki na alama hakuna hata moja.

"Si… mama," alisema, akimkazia macho Anastasia. "Si… ma… ma."

Mashaka alipiga hatua, Anastasia akamzuia kwa mkono. Alikaa akijiuliza itakuwaje. Kitambaa bila mtu aliyekishika ni kitambaa tu. Wakili yeyote angekicheka. Na mama akikana, hakuna sheria ya kumlazimisha mtu arudie kipimo kinachomhukumu mwenyewe. Akasema lile alilopanga kulisema mwisho.

"Mama Sekela, nisikilize. Hukuwa peke yako. Kulikuwa na kipimo cha kuhakikisha, cha kugusa pua tu. Kingeonyesha kosa lako kabla sindano haijaingia. Yule kijana aliomba kifanyike. Daktari akakataa, alikuwa na haraka. Huyo ndiye nitakayemfuata kesho."

Bupe alimsikiliza hadi mwisho. Kisha akachovya kitambaa safi kwenye maji, akapiga magoti kwenye mkeka, akamfuta binti yake kichwa polepole, nyuma ya masikio, shingoni, hadi chaki yote ikaisha. Sekela alitikisa kichwa akikataa. Mama yake akamshika kidevu.

"Tulia, mwanangu. Kaa wima."

Akakifunika kitambaa cha bitana, akatia alama za bluu. Akakiinua, akakifunika tena, akatia nyeupe. Alipomaliza alijisogeza pembeni ili asizuie mwanga wa dirisha, akaushika ule mkono wa kushoto wa Sekela, akaubana mapajani mwake usiweze kufika juu.

"Daktari mfuate," alimwambia Anastasia. "Lakini hii piga kwanza. Yule kijana naye ana mama yake."

Anastasia akapiga picha. Akapiga ya pili, kwa sababu ya kwanza ilitoka na ukungu.